Kukunja

Enschede, saa nane usiku. Radieta inakohoa.
Wytske ana namba mia na ishirini na nane za kujumlisha,
minong'ono ya antena zilizosimama matopeni huko Drenthe,
na kanuni moja isiyo na kinyongo:
uipe tatu leo, uipe tatu mwakani,
jibu ni lile lile.

Haiamuru fanya hiki, kisha kile.
Inasema tu: hiki ni hiki.
Usawa huo ukishuka kwenye chipu
unakuwa waya.

Kwanza aliikunja orodha kama mkeka,
mwanzo hadi mwisho.
Vijumlishi vikapanga foleni,
umeme ukafika saa imeshapiga.

Akakumbuka uani, yeye na mama,
shuka katikati yao, nusu juu ya nusu,
wakisogeleana hadi vidole vikagusana.
Mara saba tu.

Akabadili neno moja.

Jumla ile ile. Njia ndiyo iliyofupika.

Alfajiri Joost, akitafuta pa kuchemshia kahawa,
anachomoa plagi siyo.
Chipu inasahau yote, hata ilikuwa nani.
Wytske hageuki.
Mistari yake tisa ipo pale pale;
mchanga utafinyangwa tena.