Dodoso Namba 214

Bahi, saa nne asubuhi. Upepo umebeba vumbi
ukalimwaga juu ya kishikwambi cha wizara.
Nakifuta kwa mkono wa shati. Mbukwa, nasema.
Mama Ndahani anasogeza kigoda,
anakung'uta uwele mapajani:
"Ni sensa tena?"

Si sensa, mama. Utafiti.
Serikali inataka kujua watoto wa namna hii
wako wangapi, na wako wapi.
"Wangu yuko pale," anasema. "Mmoja."

Pale, kivulini mwa tembe, Ndahani, miaka saba,
na vizibo vya soda thelathini na kimoja
mstari mmoja, migongo juu, kuelekea reli.
Kuku akipita akasogeza kimoja tu,
dunia inabomoka,
na kilio kinafika hadi kwenye majaruba ya mpunga.

Swali la tisa: Je, huitika akiitwa jina lake?
"Hapana. Ila treni huisikia kabla yetu sote.
Hulaza sikio chini, hucheka,
nasi tunakimbilia kuwatoa mbuzi relini."
Nabonyeza: Hapana.

Swali la kumi na saba: Je, hukutazama machoni?
Anafikiri.
"Usiku, koroboi ikishazimwa,
huja kunigusa nyusi, huu, halafu huu,
kama anayehakiki kuwa bado ninazo.
Hiyo ni kutazama, au siyo?"
Kishikwambi kina ndiyo, kina hapana, kina sijui.
Hakina nyusi.

Mlimpeleka wapi kwanza?
"Kwa mganga: mbuzi wawili.
Kwa mchungaji: mafuta.
Zahanati: dawa ya minyoo.
Kwa mama mkwe sikumpeleka, lawama zilikuja zenyewe.
Huo ugonjwa, umesema unaitwaje?"
Usonji. Si ugonjwa, mama, ni hali.
(Tulifundishwa kusema hivyo, siku ya pili ya semina.)
"Usonji," analitamka
kama anayeonja chumvi ya mlenda.
"Majirani walikuwa na majina mengine."

Halafu anasema:
"Mwaka juzi walikuja wenzako, wakatoa damu ya mbuzi,
vichupa, vichupa.
Mwezi haukuisha wakarudi:
huyu mzima, huyu ana homa, huyu msimnywe maziwa.
Mbuzi walirudishiwa majibu yao.
Na nyie?"

Nafikiria Mtumba, vioo vya majengo mapya,
ripoti yenye jalada gumu,
chai na sambusa siku ya kuizindua,
na Ndahani ndani yake, ukurasa wa arobaini,
amekuwa nukta sifuri kitu.

Maoni mengineyo: herufi mia mbili.
Naandika: mama anauliza kama tutarudi.
Naandika: nyusi.
Mtandao hakuna. Kinazunguka, kinazunguka.

Ndipo mtoto anakuja. Hanitazami.
Anachomoa kalamu mfukoni mwangu,
anarudi nayo, anailaza
baada ya kizibo cha mwisho,
anainyoosha kwa kidole, tena, mpaka imekubali.
Kisha analaza sikio ardhini.
Mimi sisikii kitu.

Nanyoosha mkono. Mama ananishika:
"Iache. Akishakupanga, umepangwa."

Kalamu ina nembo ya Taifa.
Niliisainia, ni mali ya serikali.
Itabidi niifuate.