Mhakiki wa Ukumbi wa Tano

Jumapili baada ya ibada, hapa Hull,
chai ingali inachoma vidole,
wananizunguka: Mama Sifa, wiki hii tutazame nini?
Kwa kuwa kazi yangu iko sinema
wanadhani natazama.

Kumbe mimi ni mtu wa miisho.
Nafungua mlango majina yakipanda ukutani
kama sisimizi weupe,
ufagio mkono huu, mfuko mweusi mkono ule,
taa zinawaka, na watu wanageuza nyuso
wasijulikane kwamba wamelia.

Mwanzo sijaona hata mmoja.
Sijui nani alimpenda nani, nani alimzika nani.
Lakini sakafu naijua,
na sakafu haina haya.

Bisi zikibaki nusu ndoo, filamu hiyo kaione:
mikono ilisahau njia ya mdomoni.
Zikiisha mpaka chumvi ya chini, shika hela yako.
Watu walitafuna
kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya.

Ile ya magari yanayoruka,
ambayo picha yake imefunika ubavu mzima wa basi,
niliwakuta vijana watatu wamelala fofofo,
mmoja kavua na viatu.
Pauni tisa! Afadhali mkanunue mbuzi kwa yule Mpakistani,
mje mle kwangu.

Ya mzimu wa kwenye bomba la maji, haya, nendeni,
ila msikae safu ya nyuma.
Kiti kimoja nilikikuta kimelowa,
na haikuwa soda.

Hapo Byamungu anaweka kikombe chini.
Yeye ya magari ameiona mara mbili.
“Wewe mama,” anasema, “unahukumu pilau
kwa kutazama masufuria machafu!”
Watu wanacheka, mpaka mchungaji.

Nami namjibu: anayeosha sufuria
ndiye ajuaye nani alirudia
na nani alimwagia paka.

Halafu nawaambia ya Jumanne.

Ukumbi wa tano, ule mdogo, hita yake inakohoa.
Mvua ya kulalia ubavu, ile ya kwetu huku,
na watu tisa tu ndani.
Jina la filamu lilikuwa refu, sikulishika.
Nikafungua mlango kama kawaida,
majina yakapanda, yakaisha,
pazia likawa jeusi, taa zikawaka,
na hakuna aliyeinuka.

Nikasimama na ufagio wangu
kama mtu aliyeingia matangani bila hodi.
Mzee mmoja, kofia magotini,
akavuta miguu yake ili nipite,
akaniambia neno kwa kile Kiingereza chao cha kumeza.
Sikulisikia. Nikamwitikia ndiyo.

Walipotoka, walitoka mmojammoja,
wakishikiana mlango, watu wasiojuana.
Chini hapakuwa na kitu cha kufagia.
Glavu moja tu, ya kufumwa, ya kijani,
imekunja vidole
kana kwamba imeshika mkono mwingine.

“Inahusu nini?” anauliza Furaha.
Sijui.
“Nani anacheza?”
Sijui, mwanangu. Nendeni.
“Mama Sifa, mtu hatoi hela kwa sijui.”

Na kweli, hawangeiwahi.
Ijumaa waliiondoa,
ukumbi wa tano wakawapa wale wa magari,
na jana nimefagia makopo
mpaka mgongo ukaniita kwa jina.

Vikombe vimekusanywa, makoti yanatafutana mikono.
Byamungu amebaki mlangoni,
anahangaika na zipu.
“Walikuwa tisa?”
Tisa.
“Na hakuna aliyeinuka.”
Hakuna.

Akavuta zipu mpaka kidevuni,
akatoka mvuani,
hakuongeza neno.