Nyuma ya Fomu

Fomu arobaini na moja zimerudi leo
kutoka ofisi ya bima, kule Nyawera,
zimefungwa kwa mpira wa nywele.
Juu ya kila moja, wino mwekundu:
haina sahihi ya daktari.

Daktari gani, hapa Kadutu,
mwisho wa ngazi za matope?
Usiku ule wa mvua alikuwepo Nsimire,
muuguzi, miaka kumi na tisa kazini,
tochi ya simu mdomoni,
akimpokea mtoto wa Mama Cibalonza
aliyetanguliza miguu.
Mtoto alilia. Bima haikusikia.

Wanasema: mtafuteni daktari atie sahihi.
Yupo mmoja. Anataka dola tano kwa kila jina.
Kwa kila jina tunadai sita.

Mimi ndimi mwandishi wa daftari.
Dawa ya malaria imebaki ya siku nne.
Mwenye nyumba amepita mara mbili,
mara ya pili hakusalimu.

Nsimire hakusema kitu.
Alichukua mkasi, akazikata zile fomu,
akazikunja kuwa bahasha za vidonge,
na upande usio na wino akaandika:
asubuhi kimoja, jioni kimoja,
kula kwanza.

Jioni wagonjwa wakashuka,
kila mtu na kipande chake mfukoni.
Fundi viatu Birindwa peke yake
aligeuza karatasi mlangoni, akasoma,
akarudi kuuliza:
na hiki chekundu,
kinamezwa saa ngapi?