Mbao Mbili

Mji wetu unaitwa Bethesda.
Si ile ya Yerusalemu; hii ni ya Wales kaskazini,
mvua, kondoo, na mlima uliochimbwa nusu
ili nyumba za wengine zipate paa.
Waliotangulia waliupa jina la birika lile
ambako mgonjwa alilala miaka thelathini na minane
akilia kwamba hana mtu wa kumshusha majini.
Mimi nina miaka kumi na mmoja tu.
Birika sijaliona. Niko kwenye ngazi.

Ngazi ni tisa, za jiwe la kijivu,
na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.
Jumapili ya kwanza walinibeba wanaume wanne,
kila mmoja na gurudumu lake, wakihema,
"Kushoto! Kushoto, Gwilym!" kama wanaohamisha piano.
Nilifika ndani nimeshikilia sketi kwa mikono miwili.
Jumapili ya pili walikuja wawili.
Ya tatu, kila mtu alikuwa na mgongo.

Nikaandika barua. Jibu lilitoka kwa mzee wa kanisa, Idris Pugh,
kwa mwandiko wake mzuri wa mwalimu mstaafu:
jengo ni la kihistoria, haliguswi.
*Isitoshe, Eluned, tunakusikia ukiimba huko nje.
Sauti yako inafika. Na Mungu yupo popote.*

Kweli, yupo popote.
Yupo nami hapa chini ya mwavuli,
kitabu cha nyimbo kimelowa, kurasa zimegandana.
Lakini mkate hupitishwa ndani.
Lakini chai hunywewa ndani.
Na mchungaji kijana, akitoka, huniwekea mkono kichwani
bila kuuliza, akaiombea miguu yangu.
Siku moja nikamwambia: Mwanangu, ziombee ngazi.
Miguu yangu haijamzuia mtu kuingia popote.

Novemba Idris Pugh akafariki.
Wabebaji sita, mdogo wao ana sabini na moja,
nyonga za chuma, vidonge vya presha mfukoni.
Walizitazama ngazi. Wakatazamana.
Kisha Gwilym akazunguka hadi stoo
akarudi na mbao mbili ndefu,
na jeneza, juu ya toroli la watu wa mazishi,
likasukumwa polepole hadi ndani.
Dakika nne. Nilizihesabu.

Kumbe.

Miaka yote hiyo mbao zilikuwa stoo, zimeegemea ukuta,
zikingoja mmoja wetu afe.
Husemwa hujafa hujaumbika.
Basi Idris ameumbika,
na kuumbika kwake kumehitaji magurudumu manne.
Sikucheka. Nilimlilia.
Ndiye aliyenifundisha kusoma.

Kabla hawajaziondoa nilipanda nyuma yake,
mpwa wangu Ceri akinisukuma kwa bega.
Nikakaa katikati ya ujia, maana pengine hapakuwepo,
nimewaziba wote njia.
Wimbo ulipoanza, sauti ya pili ilitokea ndani,
nikaona mabega yakigeuka, benchi kwa benchi.

Baada ya maziko Gwilym aliinama kuzibeba mbao.
Mjane, Tegwen, mwanamke wa maneno haba,
akaweka kiatu chake cheusi juu ya ubao.
Hakutaja Injili. Alisema,
"Ziache hapo. Zikioza tutanunua nyingine."

Zimeanza kuota ukungu sasa.
Ceri amezipigilia wavu wa kuku zisiteleze,
na watu wa majengo ya kihistoria wameleta barua yenye muhuri.
Mwezi ujao kuna kikao.
Nitahudhuria.
Kikao hufanyika ndani.