Mshono wa Pili

Wete, baada ya alasiri, cherehani imenyamaza.
Gauni langu nililolipunguza mwaka juzi
nalifumua, uzi baada ya uzi,
na tundu kongwe za sindano zinanitazama.

Daktari kasema tumbo limetanuka,
linaweza kukatwa upya.
Kasema kama mtu anayeagiza vishikizo.

Mie fundi. Kitambaa kilichokwisha kushonwa
pale pale hakishiki tena;
lazima uingie ndani zaidi,
upoteze kitu.

Bangili za mama zilikwenda na mshono wa kwanza.
Zuwena ananambia, "Ungejizuia na mikate ya kumimina."
Hajui njaa inayobisha usiku
kama mwenye nyumba aliyesahau ufunguo,
wala kiungulia kinachonikalisha kitako hadi adhana.

Lakini mwaka ule, ule mmoja,
nilipanda kilima kutoka bandarini bila kutua,
na kapu la vitambaa kichwani.
Hicho ndicho nikitakacho. Si kiuno.

Fomu iko chini ya mkasi.
Sijatia saini. Sijaichana.
Gauni nimeliachia inchi mbili za akiba,
sijui za kupungua
au za kuongezeka.