Pimamaji

Kaka yangu Edmilson alikuwa fundi wa vigae.
Alilaza pimamaji sakafuni, akafumba jicho moja,
akangoja kipovu kitulie kati ya mistari miwili.
"Jucélia," alikuwa akiniambia, "sakafu haina siri.
Ukiipindisha leo, kesho yai litabingirika lenyewe."

Simu ilipouzwa tulinyamaza.
Baiskeli ilipouzwa, mama alisema imeibwa,
akaapa, na majirani wakamwonea huruma wakakubali.
Alipouza pimamaji nilikaa ngazini
nikalia kama nimeletewa habari ya msiba.

Wanaliita jiwe, na ni jiwe kweli,
dogo kama punje ya hindi, la rangi ya jino bovu.
Humpa mtu dakika kumi za ufalme
kisha humdai ufalme wote, pamoja na riba.
Midomo yake ilibabuka kwa bomba la bati.
Moyo wake, nilipomkumbatia, ulikuwa ukikimbia
na yeye amesimama.
Usiku wa tatu bila usingizi alifungua friji,
akanong'ona: wamo humu, wananisikiliza.
Ndani mlikuwa na nusu kabichi na maji.

Mama akaanza kulala na mkoba ndani ya foronya.

Juni, São Paulo ina manyunyu yasiyolowesha
ila yanaingia mifupani.
Nilimtafuta nyuma ya stesheni ya Luz,
mablanketi ya kijivu yakitembea barabarani
kama yameota miguu.
Mwanamke asiye na viatu aliniuliza:
wewe ni wa kanisa au wa polisi?
Nikasema, wa Edmilson.
Akatazama chini kwa muda.
"Mimi nilikuwa wa Valdeci," akasema,
akanionyesha kwa kidevu pale alipolala.

Shangazi alikuwa ameshakata shauri:
sikio la kufa halisikii dawa.
Nilimjibu, nami si mtu wa kujibu wakubwa,
hili halijafa, shangazi. Limejaa kelele.

Kituo cha matibabu kina mlango wa buluu unaogoma kufunga.
Muuguzi Doralice hakumuuliza kwa nini.
Alimuuliza, umekula lini?
Kisha akatuambia bila kutupamba:
kidonge cha kuling'oa jiwe hatuna.
Tuna kitanda. Tuna supu.
Tuna kiti katika duara, na watu wanane
wasioshtuka ukisema uliuza nini.

Alilala siku mbili. Akaamka na hasira, akala kama moto wa nyikani,
akalala tena. Akamtukana daktari. Akamwomba radhi.
Siku ya kumi na tisa akatoroka.
Nilivunja sahani ya mama, ile ya maua,
nikasema basi, mimi na yeye basi.
Siku ya ishirini na mbili alirudi kwa miguu yake,
mmoja umeungua, sijui wapi, sijauliza.
Nilidhani watamfungia ule mlango unaogoma.
Doralice alivuta beseni kwa mguu:
"Lete huo tuusafishe. Kadi yako ipo."

Hajapona. Naandika hivi ili nisijidanganye.
Ana siku arobaini na moja, na huzihesabu
kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe,
ingawa neno hilo, mawe, halitumii tena.

Jumapili nilinunua pimamaji kuukuu sokoni,
lina mkwaruzo ambao haukuwa wake.
Akaliweka juu ya meza ya kituo, mkono ukimtetemeka.
Kipovu kikakimbilia kushoto.
"Si mimi," akasema, "ni meza."
Akainama, akakunja kipande cha boksi,
akakisukuma chini ya mguu mfupi.
Kipovu kikasogea.
Hakikufika.
Kikasogea.

"Kesho ukija," akasema, bado yuko chini ya meza,
"niletee yai."