Miguu Kwanza

Ngazi za Avlabari hazingoji mguu.
Zinashuka zenyewe, zinapanda zenyewe,
na chini kabisa, ndani ya kibanda cha kioo
kisichozidi kabati kwa upana,
ameketi Eteri, mwaka wa ishirini na mbili,
na kipaza sauti, na swichi nyekundu,
na chupa ya chai iliyopoteza kifuniko.

Mpanda ngazi hushuka:
methali kwetu, ratiba kwake.

Juu kuna Tbilisi: mikate mirefu ya tanuri,
mbegu za alizeti kwa kikombe,
honi, theluji iliyogeuka tope.
Vyote humfikia vikiwa nyayo,
kwa kuwa ashukaye huonekana miguu kwanza,
kisha goti, kisha mfuko wa plastiki,
na uso ukifika, Eteri keshamjua.

Buti za mwanafunzi wa udaktari, kamba zinaburura.
Visigino vya dada wa benki, kimoja kinalia.
Raba za watoto. "Msikimbie!"
Wanakimbia zaidi.

Na viatu vya kahawia, saa moja na dakika ishirini,
cha kushoto kina uzi mwekundu puani.
Razmik, fundi wa pale mlangoni,
aliishiwa uzi mweusi siku ya mvua ya mawe.
Mwenye viatu hakumjua jina.
Miaka tisa ya kuinamishiana kichwa,
na mara moja, mkesha wa mwaka mpya,
chenza juu ya kibanda, bila neno.

Kisha Februari, hamna.
Machi ikaingia, hamna.

Jumatatu, uzi mwekundu.
Eteri akaweka kikombe chini,
akanyoosha kola.
Suruali, ngeni. Mkono, hauna saa.
Uso: miaka kumi na saba, labda,
nyusi zilezile,
na viatu vimemzidi kidole kizima,
kisigino kikichopoka kila anapojisogeza.

Hakuna tangazo la jambo hili.
Karatasi ya ukutani ina sentensi sita tu:
simama kulia, usikalie vidato,
shika mtoto wako mkono.

Akabonyeza. Kipaza sauti kikakohoa.
Watu mia wakasikia, kila mmoja akadhani ni yeye:
"Polepole, mwanangu.
Ngazi inaishia hapo."

Kijana alitazama viatu, hakutazama kibanda.
Akainua mguu juu,
juu kuliko ilivyohitajika,
akavuka.